Ukaidi wa Mpunga

Mzungu alikuwa amepiga magoti katika tope la shamba la Mwaisha, suruali yake nyeupe imelowa mpaka mapajani, jicho moja amelifumba na jingine amelibandika kwenye kioo cha kukuzia. Mkononi alishika jani la mpunga. Aliligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, akalinusa, akanong'ona maneno ya kwao. Watu wa Bigwa walimwita Bwana Kioo, kwa kuwa katika mwaka mzima aliokaa nao hakuna aliyewahi kumwona akitazama kitu kwa macho matupu.

Nyuma yake bonde zima lilikuwa limekufa. Kuanzia ukingo wa kijito hadi njia ya kwendea mjini, masuke yalisimama wima, meupe, mepesi, hayana punje hata moja. Suke lililoshiba huinama. Haya yalikuwa yameinua vichwa kwa njaa. Ugonjwa ule wenyeji waliuita moto wa baridi, maana ulishuka na ukungu wa Uluguru, ukatoboa majani kwa vidoa vya rangi ya majivu, kisha ukalikata suke shingo kabla halijajaa. Mwaka ule, mwaka wa nne tangu gari la moshi lifike Morogoro, moto wa baridi haukubakiza jaruba la mtu. Ulibakiza ukanda mmoja tu katika shamba la Mwaisha, wa upana wa hatua kumi, na mle mpunga mwekundu wenye ndevu nyeusi ulikuwa umeinama kwa uzito.

"Shamba hili la nani?" Bwana Kioo aliuliza bila kuinua kichwa.

Hatibu, mume wa Mwaisha, alikuwa amesimama kando yake ameshika mwavuli. Alikuwa nyapara katika bustani ya majaribio ya serikali, na mwavuli ule ulikuwa sehemu ya kazi. Aliinua macho kumtazama mkewe, aliyekuwa juu ya dungu akiamia ndege, kisha akayateremsha.

"Langu, Bwana."

Mwaisha alikuwa na donge la udongo kwenye kombeo. Hakulirusha. Alilitia kiganjani, akalifinya mpaka likawa unga, na unga ukamwagika kati ya vidole vyake bila yeye kujua.

Langu! Mtu huyu alikuja Bigwa miaka ishirini na mbili iliyopita na mkeka mmoja, na jembe ambalo hata mpini wake ulikuwa wa kuazima. Shamba lilikuwa la lukolo, la ukoo wa mama yake Mwaisha, na kabla yake la bibi yake, na kabla ya bibi la wanawake ambao majina yao yalitajwa siku za matambiko tu. Kwa Waluguru mume hulima, hula, hupewa heshima yake na maji ya kuoga ya moto. Lakini neno "langu" juu ya ardhi ya mkewe halitamki, kama vile mgeni asivyofungua chungu kilichoko jikoni. Hatibu alilijua hilo kama alivyojua jina la mamaye.

"Na umefanya nini hata mpunga wako ukapona?"

"Nimepalilia mapema, Bwana. Na nimemwomba Mungu."

Kupalilia! Mwaisha alichukua donge jingine la udongo.

Bwana Kioo alisimama. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha, na kwa kweli furaha ile haikuwa ya uongo; ilikuwa furaha ya mtoto aliyeokota yai la kanga. "Sikiliza, Hatibu. Ndani ya punje hii mna kitu. Kidogo sana, hata kioo changu hakikioni. Baba wa mpunga na mama wa mpunga humrithisha mtoto wao. Mwenye nacho, ugonjwa humpita. Asiye nacho hufa. Huko kwetu wataalamu wanakitafuta katika ngano. Mimi nitakipata katika mpunga." Kisha mguu wake ukakanyaga kitu chepesi, akainama. Kati ya mistari ya mpunga mzima kulikuwa kumetandikwa mabua makuukuu, yameoza nusu, yana vidoa vya majivu. Furaha ikamtoka. "Na uchafu huu? Mabua yenye ugonjwa, katikati ya mpunga mzima?"

"Uzembe wa wanawake, Bwana," alisema Hatibu. "Nitauondoa."

Ni hapo Mwaisha alipoteremka dunguni. Alipita kando yao akaenda zake nyumbani, na ndege wakala walichotaka.

Mabua yale hayakuwa uzembe. Yalikuwa kazi ya miaka kumi na miwili.

Mwaka wa njaa kuu, moto wa baridi ulipoingia Bigwa mara ya kwanza, Bi Shamsia, mama yake Mwaisha, alikwenda kung'oa mpunga wake uliokufa ili apate walau mabua ya kuezekea. Katikati ya shamba alikuta mashina matatu yaliyoinama. Masuke matatu ya mpunga mwekundu wenye ndevu, mpunga ambao hata kuku waliuchagua mwisho. Nyumbani kulikuwa na watoto wenye njaa, na mdogo wake Mwaisha, Maneno, kitinda mimba, alikuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Bi Shamsia aliyaficha masuke yale ndani ya kifuko akakining'iniza juu ya meko, akawa akisonga ugali wa mizizi ya porini chini yake. Maneno alikufa juma lililofuata. Watu walisema mengi. Masuke matatu yasingemwokoa mtoto, kila mtu alijua, na kila mtu alisema.

Alipoyapanda, nusu ya watoto wa masuke yale walikufa kwa moto wa baridi na nusu wakasimama. Akachukua mbegu za waliosimama. Mwaka uliofuata ugonjwa haukuja, mpunga wote ukapendeza, na hapo ndipo Bi Shamsia alipoingiwa na hofu. Mpunga wote ukipendeza, utamjua nani mkweli na nani mwongo? Punje ya mkaidi na punje ya mnyonge zinafanana kama mapacha. Kwa hiyo akaanza jambo ambalo majirani waliliona wazimu: alitunza mabua ya wagonjwa. Aliyakausha chini ya upenu, mbali na moshi, na msimu wa kupanda akayatandika kati ya mistari ya miche yake. Kazi hiyo aliiita kulaza mgonjwa. Mche ulioanguka, aliushukuru kwa kusema ukweli mapema, akaung'oa. Ulioishi bila kidoa hata kimoja, alifunga ukindu mwekundu shingoni mwake. Kila mwaka walioanguka walipungua. Kilichokuwa ndani ya wale waliobaki hakukipa jina la kitaalamu. Alikiita ukaidi.

"Na ukaidi hurithiwa," alikuwa akimwambia Mwaisha. "Mtazame bibi yako, unitazame mimi, halafu ujitazame."

Alipofariki, Mwaisha aliendelea. Miaka mitano peke yake, akilaza mgonjwa, akifunga ukindu. Msimu huu, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepanda ule ukanda kwa mbegu za mashina yenye ukindu tu, na mashina yaliyoanguka yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alikuwa amekusudia kugawa mbegu kwa kila nyumba ya lukolo, ya kwanza kwa Pili, binti yake, aliyekuwa akilima juu mlimani na mwenye mimba ya miezi saba. Bonde lililokufa lingepandwa upya. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake alipokuwa juu ya dungu, kabla ya neno lile moja.

Alasiri Hatibu alirudi amevaa koti jipya lenye vifungo vya shaba.

"Mama Pili," alianza, "usikasirike kabla hujasikia."

"Nimesikia. Nilikuwa juu ya dungu, si ng'ambo ya mto."

Alikaa kwenye kigoda, koti likamkaba tumboni. "Ningesema ni lako, angeniuliza mimi ni nani pale. Hawa watu hawajui shamba la mwanamke. Shamba lisilo na mwanamume kwao ni pori, na pori kwao ni la serikali. Si uliona walivyofanya kule ng'ambo, walikopanda pamba? Nimelikinga shamba lako kwa jina langu."

Kulikuwa na ukweli katika maneno yale, na ndio uliomuuma Mwaisha zaidi. Uongo mtupu mtu huukung'uta. Uongo uliochanganywa na ukweli ni wali wenye mchanga: huwezi kuula, na huwezi kuutupa.

"Na kupalilia? Na uzembe wa wanawake? Hayo nayo yalikuwa kinga?"

Hatibu alichezea kifungo. "Kesho watavuna ule ukanda," alisema kwa sauti ya chini. "Wote. Bwana anataka usibaki hata shina, mbegu isije ikachanganyika na nyingine. Utapelekwa bustanini, kisha pwani, kisha kwao. Ameuandika kitabuni. Ameupa jina." Akakiachia kifungo. "Hatibu wa Kwanza."

Mwaisha alimtazama muda mrefu. Alikuwa ameishi na mtu huyu kwa amani. Alikuwa amemzika mtoto mmoja naye na kumlea mwingine. Siku zote alijua ni mwoga, na hakumlaumu, maana kiboko cha boma kilikuwa kimewafanya wengi waoga. Alichokuwa hakijui ni kwamba woga ukivikwa koti huanza kujiona hodari.

"Vua koti hilo ndani ya nyumba ya mama yangu," alisema.

Hatibu alilivua.

Asubuhi walikuja wanaume wanane na visu, na Bwana Kioo na kitabu chake. Walivuna kwa haraka, suke juu ya suke, yenye ukindu na yasiyo nao, wakayafunga yote pamoja. Mwaisha alisimama kwenye tuta akitazama miaka kumi na miwili ikitiwa magunia. Alikuwa amejiambia atanyamaza. Mke hamwaibishi mume mbele ya mgeni. Hilo nalo alifundishwa na mama yuleyule aliyemfundisha kulaza mgonjwa. Lakini alipomwona mmoja wa wanaume akichomoa ukindu mwekundu shingoni mwa suke na kuutupa topeni, kitu kilikatika ndani yake.

Alisema kwa Kiluguru, kwa sauti iliyowasimamisha wote wanane. Alisema kwamba mbegu ile ilinunuliwa kwa njaa ya mtoto. Kwamba shamba si la Hatibu, na mpunga si wa Hatibu, na hata jasho si la Hatibu. Kwamba anayechukua mbegu bila kumwacha mwenyewe na ya kupanda haitwi mgeni wala mtawala, ana jina lake, na jina hilo kila mtu analijua.

Bwana Kioo aliinua uso kutoka kitabuni. "Mwanamke huyu anasema nini?"

Hatibu aliuinua mwavuli. "Anashukuru, Bwana."

Hakuna aliyecheka. Wale wanaume wanane walitazama chini, kila mmoja akitafuta kitu topeni ambacho hakukiangusha.

"Sikushukuru," alisema Mwaisha. Safari hii alisema Kiswahili, kile alichojifunza akiuza mboga sokoni Morogoro, na alikitamka polepole ili pasiwe na wa kumtafsiria. "Hukuniuliza, Bwana. Umeuliza jani, umeuliza tope, umemuuliza mshika mwavuli. Mabua uliyoyaita uchafu ndiyo yaliyoufundisha mpunga huu. Humo guniani mna wakaidi na mna waongo, na umewachanganya. Kioo chako hakitakuonyesha. Niachie wenye ukindu tu, na mimi nitakueleza."

Mzungu alimtazama. Kwa kitambo kidogo, kidogo sana, ilionekana kana kwamba swali lilikuwa linamjia usoni. Kisha akamgeukia Hatibu, kana kwamba sauti ile ilitoka kwake.

"Mwambie mke wako asihofu. Mwakani serikali itamletea mbegu bora, safi. Na mabua yote ya bonde hili yang'olewe, yachomwe kabla ya Ijumaa. Ugonjwa hukaa katika uchafu. Atakayeficha hata bua moja, hamsa ishirini."

Viboko ishirini na vitano, kwa bua. Akafunga kitabu.

Hasira ina nyakati zake. Ya kwanza hutaka kupiga kelele, na Mwaisha alikuwa amekwisha kupiga. Ya pili hutaka kulia, naye alilia, ameketi peke yake kwenye ukingo wa jaruba tupu mpaka jua likawa utosini. Ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu haina sauti, na mtu aliye nayo huonekana ametulia. Alinawa uso kwenye kijito. Aliinuka, akaanza kufikiri.

Nyumbani, juu ya meko, kulikuwa na kibuyu. Ndani yake mlikuwa na masalia ya mbegu za mwaka juzi, zilizovunwa kabla hajawachuja wa mwisho: wakaidi na waongo pamoja, punje zinazofanana kama mapacha. Akizipanda zote zitaota, zitapendeza, na siku moja ukungu utashuka na nusu yake itakufa, na nyumba zitakazokuwa zimemwamini zitalala njaa. Jicho la mtu halingeweza kuwatenga. Mama yake alimwachia kitu kimoja tu kinachoweza, na kitu hicho, kuanzia kesho, kingechomwa moto bonde zima kwa amri ya serikali.

Bwana Kioo alikuwa amechukua mbegu na kuamuru ugonjwa uteketezwe. Mwaisha aliona, kwa uwazi uliomfanya asimame pale alipokuwa, kwamba kama angeulizwa achague, angemwachia mbegu na kuomba ugonjwa.

Hatibu alimkuta alfajiri ya siku ya pili akifunga mzigo. Mabua meupe yenye vidoa, fungu kwa fungu, yamepangwa kwa uangalifu na kuviringishwa ndani ya kaniki. Moshi ulikwisha kuanza kupanda kutoka mashamba ya jirani. Alisimama mlangoni, hana koti.

"Watakupiga, mama Pili. Wewe mtu mzima."

"Njoo unifungie upande huo, basi. Au nenda ukaseme."

Aligeuka akautazama moshi. Halafu akaja, akapiga goti, akafunga fundo. Fundo likawa bovu. Mwaisha alilifungua akalifunga mwenyewe. Hakumwambia abaki wala aondoke. Alipotoka, alimwacha akiwa amesimama katikati ya nyumba ambayo wote wawili walijua ni ya nani.

Njia ya mlimani ilikuwa na askari mmoja, kijana wa bara, bunduki imeegemea mti. Aliuliza mzigo ni wa nini.

"Mabua ya kulalia. Binti yangu yu karibu kujifungua," alisema Mwaisha. "Ninazo pia dawa za kike humu, na vitambaa. Nikufungulie uone?"

Kijana alirudi nyuma hatua mbili, akageuza uso. "Pita, mama. Pita."

Alipanda asubuhi nzima. Mzigo ulikuwa mwepesi na shingo ilimuuma kana kwamba amebeba jiwe. Kila alipogeuka alikuta bonde limepungua: hapa moto, pale moto, na kwa mbali, kule stesheni, gari la moshi likipiga honi. Alijua yaliyomo. Magunia yenye jina la mtu ambaye hakuwahi kufunga hata ukindu mmoja yalikuwa yanakwenda kwa watu watakaoyapanda katika bustani safi, wayatazame kwa vioo vikubwa zaidi, na wasione kitu. Siku ugonjwa utakapoingia humo watashangaa. Wataandika kwamba mbegu ya Hatibu ilikuwa na sifa za kupita tu. Hawataandika kwamba walimpita aliyejua, amesimama kwenye tuta, akisema lugha wanayoisikia.

Pili alimwona kwa mbali akaja kumpokea, tumbo mbele, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama. Leta nikutue. Ni mbegu?"

"Marahaba, mwanangu. Mbegu iko kwenye kibuyu hiki begani." Mwaisha hakuukabidhi mzigo. "Huu kichwani ni moto wa baridi."

Pili aliishusha mikono. Alitazama kaniki, akatazama shamba lake dogo kwenye mteremko, alilovuna juzi tu, lililoponea kwa sababu ukungu wa upande ule ulichelewa. Alisikiliza habari yote wamesimama palepale njiani, na hakukatiza hata mara moja, ila mama yake alipofika mahali pa "anashukuru, Bwana" alifumba macho.

"Masika ikija," alisema hatimaye, "ukiulaza hapa, mpunga wangu utakufa."

"Mwingi utakufa."

"Na mimi nitakuwa na mtoto mgongoni."

"Ndiyo."

"Tutakula nini?"

"Mihogo. Maboga. Nitashuka na kupanda, nitalima na wewe." Mwaisha aliuweka sawa mzigo kichwani. "Sikuja kukuamuru. Bibi yako aliamua peke yake juu ya meko yale, na ninajua kilichompata. Ukikataa, nitarudi nao nikautie motoni, na sitakulaumu."

Mkono mmoja wa Pili ulizunguka juu ya tumbo, taratibu. Chini, moshi wa Bigwa ulikuwa umefika usawa wa miti ya kwanza ya mlima na kuanza kutawanyika.

"Kona ile ya chini," alisema, "penye kivuli na maji. Pana baridi kuliko kote. Ukungu ukija hukaa pale mpaka saa nne." Akaonyesha kwa kidevu. "Bibi angechagua pale."

Waliingia nyumbani. Mwaisha alitaka kuweka mzigo darini juu ya meko, kwa mazoea ya kuhifadhi mbegu, na Pili akamzuia: moshi ungeuua ugonjwa. Akatandua mkeka wake mwenyewe, akautandika chini ya upenu wa nyuma, pasipofika mvua wala kuku, akapiga magoti kwa shida mbele yake. Mama yake alianza kufungua fundo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa safari, na bua moja likachomoka, likapeperuka na upepo.

Pili alilidaka kabla halijagusa ardhi.

"Taratibu, mama," alisema. "Lisipotee hata moja."